Rauta Iko Kwako, Lakini Si Yako

Fanya hivi kabla uendelee kusoma. Nenda pale kisanduku chako cha waifai kimewekwa, kigeuze, usome kikaratasi cha chini. Utaona jina la waifai na paswadi yake. Sawa. Sasa niambie: ile paswadi ya admin, ya kuingia ndani ya rauta yenyewe na kubadilisha mambo, ni gani? Na nani anaijua?

Kama jibu lako ni "fundi wa kampuni", hii posti ni yako. Kama jibu ni "kwani ziko paswadi mbili?", basi keti kabisa, hii ni yako zaidi.

Msimamo wangu ni mmoja na sitauzungusha. Kila mtu anayelipa intaneti ya nyumbani au ya kazi anafaa kuwa na rauta yake mwenyewe, na kampuni inayomkataza inafaa kulazimishwa na sheria imruhusu. Najua wasee wataniambia naleta drama juu ya kipande cha plastiki. Wacha niwaambie vile hicho kipande kilinifanyia.

Mi naishi Marachi, hapa Busia. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa kabisa, na tangu hapo ugali wangu unatoka kwa laptopu. Nahariri video za watu, natengeneza mabango ya matangazo, naposti. Kwangu intaneti ndiyo shamba. Nilipowekewa fiba na kampuni ambayo sitaitaja, fundi alifunga kisanduku, akafanya paswadi ya waifai kuwa namba yangu ya simu, akaniambia, "Mkubwa, uko hewani," akapanda boda akaenda. Nilifurahi mpaka nikapiga picha.

Miezi mitatu baadaye nikapata kazi ya harusi. Video mbili, elfu kumi na mbili, zimfikie mteja Jumatatu saa mbili asubuhi. Usiku wa Jumapili nikaanza kuzituma, nikalala. Saa nane usiku kampuni ikaamua kusasisha rauta yangu kutoka huko kwao. Ikazima, ikawaka, ikarudi vile ilitoka kiwandani. Ile paswadi fundi aliweka ikafutika, na laptopu yangu ikabaki inatafuta waifai ambayo haiko tena. Niliamka saa moja nikapata video imefika asilimia thelathini na moja. Mteja hakutaka hadithi. Alilipa nusu, na sijawahi kumsikia tena.

Nikapigia huduma kwa wateja. Dada aliyeshika simu alikuwa na heshima, sina shida na yeye. Nikamwomba paswadi ya admin ili nipange mwenyewe saa ya kusasisha.

"Pole sana, hiyo hatupeani kwa wateja."

Nikauliza kama naweza kuweka rauta yangu.

"Kwa sasa hairuhusiwi."

Kwa nini?

"Ni sera ya kampuni."

Hapo ndipo niliamka. Nalipa kila mwezi, umeme ni wangu, nyumba nalipia kodi mimi, lakini hicho kisanduku kinatii mtu ambaye hajui hata Marachi iko wapi.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi ni watu wa boda. Hakuna mtu Busia ananunua trei ya mayai au gunia la sukari bila kuuliza ng'ambo inaenda ngapi. Boda boda yenyewe ilizaliwa kwa huu mpaka, miaka ya 1960, watu walipochoka kutembea kile kipande kati ya ofisi za nchi mbili na wenye baiskeli wakaanza kubeba abiria wakiita "boda, boda". Hakuna kampuni iliwaletea baiskeli ikawaambia msiguse mnyororo. Lakini mtu huyo huyo anayebishana juu ya shilingi kumi ya nyanya akiletewa rauta anasema asante, anaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa.

Tuelewane hii kitu inafanya nini. Kila kitu kinachoingia na kutoka kwa simu, laptopu, tivi na kamera yako kinapita kwa rauta. Ndiyo mlango. Anayeshika admin anaamua nani anaingia, anaona vifaa gani viko ndani ya nyumba, na anaweza kubadilisha DNS, yaani kile kitabu cha namba ambacho simu yako inauliza, "Tovuti fulani iko wapi?" Mtu mbaya akikishika hicho kitabu, unaandika jina la benki na unaweza kujipata kwa ukurasa wa matapeli.

Tusidanganyane pia. Rauta yako haitakuficha kwa kampuni. Waya ni wao, kwa hivyo bado wanaweza kuona ni tovuti gani unaenda. Na meseji zako za WhatsApp zimefungwa hata ukitumia rauta yao. Tofauti iko ndani ya nyumba: nani anabadilisha mipango, lini, na kama utaambiwa.

Kampuni nyingi duniani huendesha rauta za wateja kwa mbali kupitia mfumo unaoitwa TR-069. Si uchawi, na unasaidia, maana fundi anarekebisha shida bila kutoka ofisini. Ubaya ni kwamba mlango wa aina moja unawekwa kwa maelfu ya nyumba, na wewe huwezi kuufunga. Novemba 2016 wadukuzi waliubisha huo mlango wakitumia programu ya jamii ya Mirai. Ujerumani pekee, karibu wateja 900,000 wa Deutsche Telekom walipoteza intaneti. Hawakuwa wamebonyeza linki yoyote ya ajabu. Walikuwa tu na aina fulani za rauta walizopewa na kampuni. Jamaa aliyehukumiwa kwa hilo mwaka 2017 aliambia mahakama ya Cologne kwamba alikuwa amelipwa kushambulia kampuni ya simu ya Liberia. Buda, vita ni vya Liberia, anayezimiwa ni mama wa watu huko Ujerumani, na jeshi lenyewe ni rauta za sebuleni.

Sasa njoo Malaba, kwa sababu huko fiba haijafika kila ploti na wengi wanatumia rauta za laini ya simu. Anti yangu ni ajenti wa kuklia mizigo. Kazi yake yote iko kwa mfumo wa KRA mtandaoni. Karatasi zisipoingia, trela haivuki, na dereva anakaa kwa ile foleni ambayo siku mbaya inanyoosha kurudi upande wa Amagoro. Kila saa trela imesimama kuna mtu anampigia anti akiwa amekasirika.

Rauta yake ilitoka kwa kampuni ya simu, na ilikuwa imefungwa laini moja. Na pale boda mawimbi hayana kitambulisho. Umekaa Kenya, unakunywa chai ya Kenya, simu inakukaribisha Uganda. Kwa simu unaingia mipangilio, unachagua mtandao wa Kenya kwa mkono, mambo yanaisha. Kwa ile rauta, menyu ya kuchagua mtandao ilikuwa imefichwa. Ikishika mnara wa ng'ambo taa zote zinawaka kijani na intaneti hakuna, kwa sababu romingi imezimwa. Ukiwasha romingi, bando linaliwa. Ukisema uweke laini ya kampuni nyingine, inakuambia laini haikubaliki. Dawa ya anti ilikuwa kuzima, kuwasha, na kuomba Mungu.

Tulimtafutia rauta wazi, inayokubali laini yoyote. Nikaingia admin, nikachagua mtandao wa Kenya, nikazima kutafuta mtandao kiotomatiki. Dakika kumi. Siku mtandao mmoja umelala, anabadilisha laini, kazi inaendelea. Aliniuliza, "Kwa hivyo miaka yote hii ilikuwa hivi rahisi?" Ndiyo, anti. Ilikuwa rahisi hivyo, na mtu aliamua usiione.

Na kama unafikiri laini moja inatosha, uliza majirani zetu. Januari 2021, kwa uchaguzi wa Uganda, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Aliyekuwa karibu na mpaka na kifaa wazi angeweza kuweka laini ya Kenya, akaokota mnara wa huku na kuendelea na kazi. Mwenye kifaa kilichofungwa laini moja alikuwa na pambo la mezani.

Najua majibu ya kampuni. La kwanza, "tunakupea rauta bure." Hakuna bure. Ukihama wanairudisha, na ukikaa bado inafanya kazi ya bwana wao. La pili, "ukiweka yako hatutaweza kukusaidia." Hilo nalikubali nusu. Wahakikishe intaneti imefika kwa waya vizuri, na kutoka hapo kwenda ndani shida ni yangu. Mwenye tenki hajali una mfereji wa rangi gani jikoni. La tatu, "wateja wengi hawajui haya mambo." Mlijaribu kuwafundisha lini? Watu wanaobadilisha pesa za nchi mbili kichwani wakiwa juu ya pikipiki hawawezi kushindwa na ukurasa wenye sehemu mbili za kujaza.

Pingamizi ambalo naliheshimu ni lingine: rauta mbaya ya kwako ni hatari kuliko rauta nzuri ya kampuni. Kweli kabisa. Ukinunua takataka ya mtumba iliyovukishwa kwa panya, bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, programu yake ilisahauliwa na kiwanda miaka sita iliyopita, halafu uache paswadi ya admin ikiwa "admin", umejifungulia mlango mwenyewe. Uhuru bila kazi si uhuru. Lakini hiyo ni sababu ya kujifunza. Si sababu ya kunyimwa.

Na hili jambo linawezekana. Ujerumani ilipitisha sheria iliyoanza kazi 1 Agosti 2016: mteja anachagua rauta yake, na kampuni lazima impe taarifa za kuiunganisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inasema mtumiaji ana haki ya kutumia kifaa anachotaka. Marekani, tangu Desemba 2020, kampuni haziruhusiwi kukutoza kodi ya rauta wakati unatumia yako mwenyewe. Hata hapa kwetu, Starlink walioingia Julai 2023 wana sehemu ya kuzima rauta yao ili uweke yako. Hakuna mtandao uliokufa kwa sababu hiyo.

Na sisi si watu wasio na sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Paswadi ya kifaa kilicho sebuleni kwangu si taarifa kama hiyo? Nataka Mamlaka ya Mawasiliano iandike mambo matatu, kwa lugha ambayo hata fundi ataelewa. Mteja akiomba paswadi ya admin, apewe. Akiomba kuweka rauta yake, apewe taarifa za kuunganisha. Na rauta aliyomaliza kulipia isifungwe laini moja.

Wakati tunasubiri, fanya hivi. Kama una fiba, usitupe kisanduku cha kampuni, maana ndicho kinabadilisha mwanga kuwa intaneti. Omba wakiweke kwa briji modi, kibaki daraja tu, halafu rauta yako ifanye kazi yote. Wakikataa, chomeka rauta yako kwa kisanduku chao na kebo, zima waifai yao kama unaweza, tumia yako. Kwa watu wengi hiyo inatosha, ingawa michezo mingine ya mtandaoni na kamera za mbali zinaweza kusumbua. Siku ya kwanza badilisha paswadi ya admin, zima WPS, sasisha programu, na fungulia wageni waifai yao tofauti. Ile kazi yangu ya pili ya harusi niliituma hivyo. Rauta yangu inasasishwa Jumanne saa tano asubuhi nikinywa chai, kwa sababu mimi ndiye nilichagua.

Halafu wapigie. Leo. Uliza swali moja tu: "Naomba paswadi ya admin ya rauta yangu." Wakikataa, waambie waandike sababu kwa barua pepe, na uihifadhi. Mtu mmoja akiuliza ni msumbufu. Tukiuliza sisi wote kutoka Burumba hadi Malaba, watalazimika kuwa na jibu bora kuliko "ni sera ya kampuni".