Wenye Ngano Wapewe Ufunguo

Kuta za Thimlich Ohinga kule Migori, Kenya, zinadhaniwa kusimama tangu karne ya 16, mawe matupu bila saruji wala udongo wa kuyashika, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe yamepata mlinzi. Je, nani analinda yasiyoshikika: ngano, nyimbo za nyatiti, nyimbo za dodo za akina mama, na Kisuba cha visiwa vya Mfangano na Rusinga ambacho Kijaluo kimekaribia kukimeza?

Jawabu la siku hizi ni jepesi mno: mrekodi mzee kwa simu, tupia mtandaoni. Hapana, jamani! Katika siwindhe, nyumba ya mafunzo ya watoto wa Waluo, pim, yaani bibi mlezi, alisimulia usiku, na watoto waliomzunguka aliwajua mmoja mmoja. Wasichana walikuwa na yao ya kuambiwa. Wavulana walipopata akili walikwenda duol, kibanda cha wanaume, kuwasikiliza wazee wa kiume. Ukiyamwaga yote hayo kwenye intaneti umemvua bibi nguo sokoni, hata kama nia yako ni njema.

Basi mafundi wa kompyuta waketi na wenyeji kabla ya kuunda chochote. Waulize: wimbo huu ni wa nani kuusikia? Mwenye sauti akifa, itakuwaje? Nani ana amri ya kufuta? Wasituambie haiwezekani. Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, walishirikiana na watafiti kuunda hifadhi ya kidijitali ya Mukurtu, iliyoanza kutumika 2007: picha hufunguka au hufungwa kwa kufuata ukoo na jinsia ya mtazamaji, na masharti wameyaweka wenyewe.

Sheria nayo tunayo. Ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inadai ridhaa ya jamii kwanza, tena inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Waheshimiwa wa Homa Bay na Migori, tengeni fedha! Nakala ya rekodi ikae Mfangano, katika Makumbusho ya Amani ya Abasuba, isikilizike hata mtandao ukikatika. Vijana wa vijijini wafundishwe kurekodi. Na mzee alipwe. Soda moja kwa jioni nzima ya masimulizi ni aibu. Kisha, kabla hamjafungasha vyombo, mchezeeni mzee rekodi asikilize alichokisema, aamue mwenyewe kipi kitoke na kipi kibaki nyumbani.