Msituambie ni Uchawi

Kila mpenda filamu ana wimbo uleule kuhusu The Wizard of Oz ya 1939: ati Dorothy anafungua mlango, Kansas yenye rangi ya vumbi inabaki nyuma, Oz inawaka rangi zote, na huo ni uchawi. Uchawi gani? Katika kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, viatu vya Dorothy ni vya fedha. Studio ilivifanya vyekundu ili ving'ae kwenye Technicolor. Hiyo ni biashara.

Na nani alilipa? Buddy Ebsen, aliyechaguliwa kuigiza Mtu wa Bati, alilazwa hospitalini baada ya kuvuta unga wa alumini aliopakwa. Nafasi yake akapewa Jack Haley. Margaret Hamilton, yule mchawi wa kijani, aliungua uso na mkono kwenye seti. Rangi ile ilikuwa na shaba, ikabidi isuguliwe na spiriti juu ya ngozi iliyoungua.

Filamu naipenda, tena sana. Lakini neno "uchawi" linamsaidia tajiri kuficha risiti. Mkisifia zile rangi, tajeni pia Ebsen na Hamilton.