Mdudu Ndani ya Sandarusi: Je, Ametoweka Kweli?

Mdudu akikutwa ndani ya kipande cha utomvu mgumu, mbawa zimekunjuka na vinyweleo vya miguu vinahesabika, watu huwa wepesi kutangaza kwamba imevumbuliwa jamii mpya ya kale isiyokuwapo tena duniani. Katika pwani ya Afrika Mashariki wepesi huo una hatari yake, kwani utomvu uchimbwao huku si kaharabu, bali ni sandarusi.

Kaharabu (isichanganywe na ambari, itokayo kwa nyangumi) ni utomvu uliogeuka kisukuku kwa mamilioni ya miaka. Ile ya Myanmar yakadiriwa kuwa na miaka milioni 99. Sandarusi ni changa mno. Hutoka katika msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti ambao ungali unamea katika misitu ya pwani. Katika karne ya 19 watu wa Mrima na Rufiji waliichimba ardhini, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe haupo tena. Ikapelekwa Unguja, na kutoka huko hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Wachimbaji hao walijua vema tofauti baina ya chakazi, iliyo mbichi, na ile ngumu ya ardhini yenye bei. Mwishoni mwa miaka ya 1860 John Kirk, daktari Mskoti aliyekuwa Unguja, alionyesha kwamba zote mbili zatokana na mti mmoja.

Basi ikiwa mti ungali hai, kwa nini nyuki au mbawakawa aliyenaswa humo adhaniwe kuwa ametoweka? Huenda yungali akiruka msituni, ila hajapata kuandikwa na mtaalamu yeyote.

Hata wataalamu hukosea umri. Mwaka 2010 kaharabu ya Ethiopia ilitangazwa kuwa ya miaka yapata milioni 95. Mwaka 2016 sisimizi aliyekutwa ndani yake, wa jenasi Melissotarsus ambayo ipo Afrika hadi leo, alitia shaka. Uchunguzi uliofuata ukaushusha umri huo hadi kati ya miaka milioni 16 na 23.

Kwa sandarusi, kipimo cha kaboni ya 14 chafaa, kwani hufika takriban miaka 50,000. Shuleni, tone la spiriti juu ya kipande laweza kutoa dalili ya kwanza: sandarusi hunata, kaharabu hainati. Mwaka 2020 wanasayansi walipendekeza kwamba utomvu uliotoka mtini baada ya mwaka 1760 usiitwe sandarusi kamwe, bali upewe jina lake, kwa kuwa tangu wakati huo viwanda na ukataji wa misitu vimewapunguza mno wanyama na wadudu.

Pendekezo hilo lawahusu hasa walimu na wanafunzi wa Kibiti. Misitu ya pwani yazidi kufyekwa kwa mashamba na mkaa. Mdudu aliyenaswa miaka 200 iliyopita aweza kuwa hai, au aweza kuwa ametoweka juzi tu, na kipande cha sandarusi peke yake hakiwezi kuamua. Hapana budi wadudu wa misandarusi iliyosalia, Dimani na kwingineko, wakusanywe, wapewe majina na kuhifadhiwa katika makumbusho ya nchini, kabla ya yeyote kuandika neno "aliyetoweka".