Mkate wa Ndizi Darasani: Neno Moja Lililopotosha

Kila mwaka wanachuo wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, nami huwa miongoni mwa wakufunzi wanaoketi nyuma ya darasa, daftari la tathmini mkononi. Mwaka mmoja nilitazama somo la mapishi katika darasa la sita. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa hodari. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa tayari, na wanafunzi walioka mkate wa ndizi kwa unga wa mchele, bila ngano na bila kutia sukari. Ubaoni aliandika kwa herufi kubwa: "Mkate usio na sukari." Nilimpa alama nzuri, wala sikuliona kosa.

Wiki iliyofuata tuliarifiwa kwamba mtoto mmoja alikwenda kumpikia mkate ule bibi yake, mgonjwa wa kisukari. "Bibi, kula utakavyo," alimwambia, "mwalimu amesema hauna sukari." Bibi alikula sehemu kubwa ya mkate, na usiku akapelekwa zahanati. Namshukuru Mungu alipata nafuu. Hata hivyo, kosa lile nalihesabu kuwa langu kabla ya kuwa la mwanachuo.

Ndugu wanachuo, kutotia sukari si sawa na kutokuwa na sukari. Ndizi changa imejaa wanga. Kadiri inavyoiva, wanga huo hugeuka kuwa sukari. Ndizi mbivu ya kadiri ina gramu 14 hivi za sukari. Mkate wa ndizi 4 basi umebeba gramu 56, yaani kama vijiko 14 vya chai, hata kama kopo la sukari halikufunguliwa. Tena unga wa mchele wenyewe ni wanga, ambao mwili huugeuza kuwa sukari. Mkate huu una faida yake, kwani humzoesha mtoto utamu wa tunda na kumpunguzia mama gharama. Lakini mgonjwa wa kisukari hana budi kuula kwa kipimo, kwa ushauri wa mganga wake.

Neno "ngano" nalo lataka uangalifu kama huo. Ngano ina protini iitwayo gluteni. Unga ukikandwa kwa maji, gluteni hufanya utando unaonyumbuka na kuzuia hewa isitoroke, na ndiyo maana mkate wa ngano huumuka vizuri. Mchele, mahindi, mtama na muhogo havina gluteni. Wapo watu wachache ambao gluteni hudhuru utumbo wao. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alilieleza jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kwao hata unga wa mchele uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano si salama. Watu wengi hawana sababu ya kuiogopa ngano, nasi tusiwajaze watoto hofu isiyo na msingi.

Kwa maoni yangu, kosa la somo lile lilianza katika njia ya kufundisha. Mwalimu alitoa maelezo, wanafunzi wakanakili, kisha wakapika. Hawakuchunguza lolote. Ningependa mambo mawili yatangulie kabla ya moto kuwashwa. Kwanza, wanafunzi wadondoshe iodini juu ya kipande cha ndizi changa na kipande cha ndizi iliyoiva sana. Cha kwanza kitageuka rangi ya buluu iliyokaribia nyeusi; cha pili hakitabadilika sana. Kisha waonje vipande vingine, visivyoguswa na iodini, waseme utamu umetoka wapi. Pili, kila kikundi kikande donge la unga wa ngano na donge la unga wa mchele, kiyaoshe polepole katika maji. La mchele litasambaratika. La ngano litaacha kitu kinachovutika kama mpira.

Baada ya hapo mapishi yatakuwa na maana. Vikombe 2 vya unga wa mchele, ndizi 4 zilizoiva sana na kupondwa, mayai 3, robo kikombe ya mafuta, vijiko vidogo 2 vya beking pauda na chumvi kidogo. Mwanafunzi aliyeosha donge la mchele ataelewa kwa nini mayai ni ya lazima, kwani ndiyo yatakayoushikilia mkate mahali pa gluteni. Rojo liachwe dakika 15 unga unywe maji, kisha limiminwe katika sufuria iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Kijiti kikichomwa katikati kikatoka kikavu, mkate umeiva.

Wengine watasema vipindi havitoshi. Ni kweli, basi majaribio yafanywe leo na mapishi kesho. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuifungamanishe shule na maisha ya watu. Ikiwa somo letu litafika jikoni, basi hapana budi lifike likiwa sahihi, kwa maana nyumbani mtoto husema kwa jina la mwalimu, na wazee humwamini. Siku hizi nikikagua andalio la somo la mapishi, nasoma kwanza maneno yatakayoandikwa ubaoni.