Mboga Si Pambo la Sinia la Nyama

Mgeni akitaka kujua jinsi nyama ya kuchoma inavyoheshimiwa Nairobi, na aende Kariokor adhuhuri ya Jumapili. Mahali hapo palirithi jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza, nazo ndimi zetu zikaligeuza jina likawa Kariokor. Siku hizi mzigo ubebwao pale ni mbavu za mbuzi. Mpishi huziteremsha motoni, akazikatakata juu ya ubao kwa kisu kipana, akaweka kichungu kidogo cha chumvi, kisha mwisho kabisa, kama mtu anayetoa sadaka kwa shingo upande, akatupia kijiko kimoja cha kachumbari pembeni.

Kijiko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Sisi Waislamu wa pwani tulioingia katika mitaa hii ya Eastlands, tangu Pumwani hadi Buruburu, Umoja na Kayole, tuna swali letu moja la kwanza mbele ya nyama: nani aliyechinja? Ni swali la haki na la lazima. Lakini tukishajibiwa vizuri, hatuulizi tena lolote. Hatuulizi mboga ziko wapi. Mtu ambaye kwao Mombasa au Lamu hakuwahi kuona sinia likiletwa bila bakuli la mchicha, la bamia au la biringani pembeni, huku Nairobi hukaa kimya akatafuna nyama na ugali, kisha akarudi nyumbani akisema amekula karamu.

Karamu ya nani? Hilo ndilo jambo linalonikera. Nyama ya kuchoma, kama inavyoliwa katika mitaa yetu, imekuwa chakula cha wanaume waliosimama. Baba hupitia kwa mwenye bucha na wenzake, wakala kilo mbili wakizungumza siasa na mpira, halafu watoto wakaletewa mifupa michache imefungwa gazetini, imekwisha kupoa na mafuta yameganda. Mama naye amekwisha kupika sukuma wiki yake, na familia hiyo moja imekula vyakula viwili mbalimbali katika usiku mmoja. Mimi sioni ustaarabu katika jambo hilo, na sidhani kwamba wazee wetu wangeliona.

Rai yangu ni kwamba nyama irudi nyumbani, na njia rahisi ya kuirudisha ni mboga. Pesa za kilo mbili za bucha zitatosha kununua kilo moja na nusu ya mbuzi, na zinazobaki zinunue mafungu ya mboga kwa yule mama anayeuza chini ya mwavuli pale kwenye kona ya mtaa. Nyama ya kilo moja na nusu ikiwa peke yake hugombewa na watu wanane. Ikizungukwa na mabakuli manne, watu hao hao wanane hushiba, na pengine jirani akaitwa. Hesabu hiyo kila mama wa Eastlands anaijua, ila haitiwi katika siku ya kuchoma nyama kwa sababu siku hiyo imefanywa ya kiume.

Wapo watakaoniambia kwamba mboga za kwetu hazipatikani Nairobi. Hapo ndipo ninapotaka kubishana nao hasa. Nimemsikia mama mmoja wa Kimvita akilalamika kwamba hapa hakuna mnavu, huku amesimama mbele ya fungu la mnavu. Hakuujua kwa sababu muuzaji Mkikuyu aliuita managu. Mjaluo angeuita osuga. Mgagani wetu ndio saga ya Waluhya na Wakisii. Mchicha ndio terere. Kunde ni kunde, hata ukiambiwa ni likhubi. Hata mchunga, lile jani chungu wanalolipenda sana ndugu zetu Wamijikenda, Wakikuyu wanalijua na wana jina lao la kuliita. Majani ni yale yale, kilichobadilika ni kinywa cha anayeyataja. Basi tunapoyapita tukisema ni vyakula vya watu wa bara, tunamdharau nyanya aliyetulea kwa majani hayo hayo.

Na si majani tu yaliyo sawa. Tazama jinsi yanavyopikwa. Mnavu na mgagani ni machungu. Jirani zangu kutoka magharibi huyachemsha, kisha huyamiminia maziwa na kuyaacha yatokote kwa moto mdogo mpaka uchungu ulainike, na wengine huyaweka mpaka kesho yake yapate kukolea. Sisi tunamimina tui. Mafuta yaliyo katika maziwa na yaliyo katika tui hufanya kazi moja, kuuvisha uchungu nguo. Watu wa ziwani na watu wa bahari, ambao hawakuulizana, walifikia shauri moja chunguni. Kwa hiyo nasema karamu ya mtu wa pwani aliye Nairobi yataka mbuzi wawili: mmoja wa kubanika, na mwingine wa mbao, wa kukalia na kukunia nazi.

Nazi ni ghali huku, sikatai. Lakini nazi moja yatosha bakuli la watu wanane. Kaanga kitunguu, tia nyanya ivunjike, tia mchicha uliooshwa na kukatwa wala usiongeze maji, kwa maana una maji yake. Ukinywea, tia tui jepesi, na tui zito uliweke mwisho, likichemka mara moja tu uepue. Kazi hiyo haifiki nusu saa, nayo nyama bado iko motoni.

Moto wenyewe nao twautumia vibaya. Makaa yamewashwa, yamewaka, na juu yake kuna nyama tu! Kando ya nyama, pale moto ulipopungua, laza mabiringani mawili mazima bila kuyamenya. Yageuze mpaka ngozi iungue kabisa na tunda lilegee kama mfuko mtupu. Lichubue, liponde kwa kitunguu saumu, chumvi, pilipili na ndimu. Waarabu wa Sham hulitia na ufuta uliosagwa, nalo huwa zuri zaidi, lakini hata bila ufuta sijamwona mtu aliyelirudisha. Mahindi mabichi nayo yachomwe hapo hapo, yapakwe ndimu iliyochovywa katika chumvi na pilipili. Watoto watakuwa na shughuli, na hawatakuja kuchungulia nyama kila dakika mbili.

Kachumbari nayo nina neno nayo. Ile ya kijiko cha Kariokor mara nyingi ni kitunguu kikali kilichokatwa vipande vinene, kinachomfanya mtu atokwe machozi kabla hajaonja. Kitunguu chataka kukatwa chembamba, kifikichwe kwa chumvi, kioshwe na kukamuliwa, ndipo kikutane na nyanya ngumu, pilipili, ndimu na kotmiri, ambayo wenyeji wa huku huiita dania. Msimu wa maembe ukifika, embe bichi lililokatwa vijiti huipa kachumbari maisha mapya. Tena ndimu hiyo haimo kwa ladha peke yake: wataalamu wa lishe wanatueleza kuwa vitamini C iliyo ndani yake huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo katika majani. Kwa hiyo kachumbari na mnavu vikikaa sinia moja vinasaidiana.

Kuhusu sukuma wiki sina mengi. Jina lake linasema yote, ni mboga ya kuisukuma juma mpaka mshahara uje, na imewalea watoto wengi wa mitaa hii. Ila siku ya nyama isipikwe mpaka ikawa nyeusi. Dakika tano zinatosha.

Kuna hoja moja nzito, nami siipuuzi. Wengine huogopa mboga za Nairobi kwa kuwa baadhi hulimwa kando ya mito michafu ya jiji na kunyweshwa maji ya mitaro. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kumzoea muuzaji mmoja na kumwuliza mali yake yatoka wapi, kama tunavyomwuliza mwenye bucha nani kachinja, kisha kuosha jani kwa jani. Na mwenye roshani au ua mdogo ana magunia: gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa matundu ubavuni, humpa mtu mchicha na sukuma wiki kwa miezi. Watu wa Mathare na Kibera wamelima hivyo kwa miaka.

Wala asinifikirie mtu kwamba natetea jambo la kizamani ambalo dunia imeliacha. Mwaka 1999 Makavazi ya Taifa yalitoa kitabu kikubwa cha mimea ya chakula cha asili ya Kenya, kazi ya Patrick Maundu na wenzake wawili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, ametumia miaka mingi ya maisha yake kuyachunguza majani haya tunayoyapita sokoni. Na mwezi wa Desemba 2021 shirika la UNESCO liliingiza juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Wageni wameupigia makofi mnavu, nasi bado twauonea haya mbele ya wageni wetu.

Tukumbuke pia kwamba sisi si wapya katika mji huu. Kabla Pumwani haijaanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika kama Pangani, Maskini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Majengo ya Pumwani yalijengwa kwa mtindo wa nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na mahamri na mbaazi bado huuzwa huko asubuhi. Waliotangulia walileta jiko lao, wakalichanganya na la jirani, na hawakupungukiwa na kitu.

Lililobaki ni kazi yenyewe, maana mabakuli manne si mchezo, na sitaki mama aongezewe mzigo ili mimi nifurahi. Siku ya kuchoma nyama, kuchambua mchicha ni kazi ya wavulana. Kukuna nazi ni kazi ya baba. Mikono yake mipana yafaa kwa kazi hiyo, na mbuzi wa mbao ana kiti kizuri cha kusikilizia mpira redioni.

Jambo moja tu bado hatujakubaliana katika mtaa wetu. Mimi nasema mnavu hautiwi nyanya, kwani ukali wa nyanya hugombana na tui. Jirani yangu wa Kiluhya, ambaye yeye humimina maziwa, anasema nyanya lazima iwemo, tena mbili. Idd iliyopita tulipika vyungu viwili, kila mmoja wake, na vyote viwili vilikwisha kabla ya nyama.