Kurudia GRE: Dola 220 za Nini?
Kijana wa Dar es Salaam anayeomba shahada ya uzamili Marekani akiona 158 kwenye hesabu za GRE, mtihani wa kuombea uzamili, wazo la kwanza ni kurudia. Sheria haimzuii: ETS, wenye mtihani, huruhusu kurudia baada ya siku 21, hadi mara 5 ndani ya miezi 12, na mwombaji ndiye huchagua alama za kupeleka chuoni. Mtihani nao, tangu Septemba 2023, hauzidi saa 2. Kinachouma ni ada: takriban dola 220 kila safari, na kwa wengi hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Sasa, kwenye kipimo cha 130 hadi 170, alama mbili tatu mtu anaweza kuzipata au kuzipoteza kwa bahati tu. Aliyeishiwa muda, au aliyekuwa amesahau jiometri ya sekondari, huyo ana sababu ya kurudi. Aliyeudhika tu hana. Tena idara nyingi, ikiwamo ya uhandisi wa umeme na kompyuta pale MIT, hazidai GRE. Basi waombaji, someni kwanza masharti ya idara husika, ndipo mtoe kadi ya benki.