Kiingereza cha Sinema na cha Habari za Fedha
Wako watu wengi, vijana kwa wazee, walioazimia kujifundisha Kiingereza pasina mwalimu, na nasaha yangu kwao ni kwamba watangulize habari za fedha kabla ya sinema, kwa kuwa msomaji wa habari hizo hukariri maneno yale yale kila asubuhi, riba imepanda, faida imepungua, bei ya mafuta imetulia, hata sikio likayazoea bila ya taabu. Na kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo yaliyosomwa taratibu kwa msamiati wa maneno kama 1,500 tu, na habari za uchumi zikawamo. Sinema ni shughuli nyingine: humo watu hukatizana kauli na kumeza nusu ya maneno, lakini humo ndimo maana huonekana kwa macho. Katika The Big Short, sinema ya mwaka 2015 juu ya msiba wa mikopo ya nyumba huko Marekani, mpishi Anthony Bourdain awachukua samaki waliokosa mnunuzi, awakatakata, awatia mchuzini, wakawa chakula kipya cha kuuzwa, kama mabenki yalivyoyafanyia madeni mabovu. Na mwanafunzi aliyekwisha kuyasikia maneno ya mikopo na madeni katika habari, akiitazama sehemu ile mara mbili tatu, maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza wala si tafsiri, hufahamu kwa dakika chache jambo ambalo kamusi ingemkesheza nalo usiku kucha.